Maswali Yenu: Akiba ya Mstaafu Huvujia Wapi?

Miongoni mwa barua tulizopokea kuhusu maisha baada ya kustaafu, nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa kosa linaloelezwa ndani yake nimelikuta kwa watu wengi waangalifu, nami nikiwa mmoja wao.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi na mke wangu, na pensheni ninayopokea ni nusu tu ya mshahara niliokuwa nikilipwa. Tangu nistaafu miaka miwili iliyopita ninazima taa kila nitokapo chumbani, ninachomoa chaja ya simu, ninatumia sabuni hadi kipande cha mwisho, na hata magazeti ninasoma ya kuazima. Pamoja na hayo yote, bili ya umeme haijashuka, na kila mwisho wa mwezi ninalazimika kuchota kidogo kwenye akiba. Ninakosea wapi? — *Mwalimu Mstaafu*

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Uangalifu unao, tena wa kutosha. Tatizo ni kwamba umeuelekeza kwenye vitu vyepesi, huku vile vizito vikiendelea kula bila kuulizwa.

Tuanze na umeme, kwa sababu ndio uliokusumbua. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Betri ya simu ya kawaida hubeba takriban wati-saa 15, yaani umeme wa kifaa cha wati 15 kwa saa moja, hivyo ukiichaji kila siku kwa mwezi mzima, hata tukijumlisha umeme unaopotea njiani, huwezi kufikia uniti moja. Utatumia kama 0.6. Chaja iliyoachwa ukutani bila simu hula sehemu ndogo tu ya wati moja. Sasa tazama hita ya maji ya kuoga: kupasha lita 40 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 za Selsiasi huhitaji karibu uniti 2, yaani uniti 56 hivi kwa mwezi ikiwa mnafanya hivyo kila siku, na hapo bado sijahesabu joto linalopotea pale hita inapoachwa imewashwa mchana kutwa. Mkipunguza maji ya moto mnayotumia kwa theluthi moja tu, uniti mtakazookoa katika mwezi mmoja zinatosha kuichaji simu yako kwa zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo chaja iache ipumzike, Mwalimu, na jicho lako lihamie bafuni.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba ndani ya nyumba, kinachopasha moto ndicho kinachokula: hita, oveni, jiko, birika na pasi. Nguo za wiki nzima zikipigwa pasi kwa mkupuo mmoja, pasi hupata moto mara moja badala ya mara saba. Sufuria ikifunikwa, chakula huiva kwa moto mdogo zaidi, na vyakula vikavu vinavyochelewa kuiva vikilowekwa usiku kucha hupunguza sana muda wa kukaa jikoni. Birika lijazwe maji ya vikombe vinavyotakiwa tu, kwa kuwa yale yanayobaki na kupoa mmeyalipia bure. Kuhusu taa, kazi kubwa hufanyika siku ile unapobadilisha balbu: balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hutumia uniti 9 kwa mwezi, ilhali ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, hutumia uniti 1.35. Ukishabadilisha, ukisahau kuizima siku moja hutafilisika.

Jokofu nalo lina ugonjwa wake, ambao ni mpira wa mlango uliolegea. Bana kipande cha karatasi mlangoni kisha ukivute. Kikitoka bila ukinzani wowote, ubaridi unatoroka hapo na mota inafanya kazi isiyokwisha. Maji hupimwa kwa namna iyo hiyo. Weka kikombe chini ya bomba linalodondosha kwa saa moja, uzidishe mara 24, halafu mara 30, na utajua kama unahitaji fundi. Kwa tangi la choo, tia matone machache ya rangi ya chakula ndani yake usiku. Ukikuta asubuhi rangi imeshuka kwenye bakuli kabla ya mtu yeyote kuvuta maji, umempata mwizi asiyepiga kelele.

Hata hivyo, umeme na maji ni sehemu moja tu ya hesabu, na kwa nyumba nyingi si sehemu kubwa kuliko zote. Wahenga walisema *bandu bandu huisha gogo*, nasi huwa tunaisoma methali hiyo kana kwamba bandu zote ni sawa, ilhali shoka moja huondoa kipande kikubwa kuliko jingine. Ndiyo maana ninakuomba uanze kuweka daftari. Si wazo jipya hata kidogo: mwaka 1904 mwandishi wa habari wa Japani, Hani Motoko, alichapisha daftari la hesabu za nyumbani liitwalo *kakeibo*, na madaftari ya aina hiyo yanatumika hadi leo. Andika kila kinachotoka kwa miezi mitatu mfululizo, bila kujizuia na bila kujilaumu, kisha yapange matumizi kwa ukubwa. Utakuta mistari mitano au sita ya juu imebeba sehemu kubwa ya jumla, na nina hakika sabuni haitakuwamo.

Mistari hiyo ya juu ndiyo ya kuikalia kikao na mke wako. Kama mna gari, je, bado kuna sababu ya kuwa nalo sasa ambapo hakuna anayewahi kazini, au bima, matairi na matengenezo vinalipiwa kwa ajili ya safari mbili za wiki? Kama nyumba ni kubwa na watoto wamehama, je, kuna chumba kinachoweza kupangishwa? Kuna malipo ya kila mwezi yanayokatwa yenyewe kwa ajili ya huduma mliyoacha kuitumia? Uamuzi mmoja wa namna hiyo hufanywa mara moja na kukuokolea pesa kila mwezi, bila kukutaka uwe macho kutwa nzima kama mlinzi wa zamu.

Nakisi yako ya mwisho wa mwezi inaweza pia kuwa na chanzo kingine, ambacho wastaafu wengi hukigundua kwa kuchelewa. Bima, kodi ya ardhi, matengenezo ya paa na michango ya sherehe za ukoo haviji kila mwezi, hivyo kila vinapokuja huonekana kama dharura. Jumlisha gharama zote za mwaka za aina hiyo, gawanya kwa 12, na kiasi hicho kitengwe siku pensheni inapoingia, katika akaunti tofauti na ile ya matumizi. Mshahara ulikuwa na nafasi ya kuficha kosa hili, pensheni haina.

Neno moja la pembeni kuhusu kununua kwa jumla. Ni ushauri mzuri kwa familia ya watu wanane, lakini nyumba ya watu wawili lazima ijiulize kama kitu kitatumika kabla hakijaharibika. Mimi mwenyewe niliwahi kununua katoni nzima ya betri kwa sababu zilipunguzwa bei, na nusu yake zikavuja ndani ya droo kabla sijazitumia. Linganisha bei kwa kilo au kwa lita, si kwa ukubwa wa pakiti, na kile kitakachooza kihesabu kuwa sehemu ya bei.

SWALI: Mhariri, nimelipwa kiinua mgongo mwezi uliopita. Ndugu na marafiki kila mmoja ana wazo la biashara. Mimi ninachotaka kujua ni kiasi gani ninaweza kula kwa mwaka bila fedha hizi kuniishia nikiwa bado hai. — *Mstaafu Mpya*

JIBU: Umeuliza swali ambalo wengi huliuliza miaka mitano baadaye, mfuko ukiwa umeshatoboka.

Tuseme fedha yako yote ni mafungu 100. Ukichota mafungu 10 kila mwaka na kilichobaki kikazaa asilimia 5 kwa mwaka, utafika kidogo zaidi ya miaka 14. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 atabaki mikono mitupu akiwa na 74. Ukichota 8, utafika miaka 20 hivi. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alichunguza takwimu za masoko ya nchi yake kuanzia 1926 na kuona kwamba mtu aliyechota asilimia 4 mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi hicho kulingana na kupanda kwa bei, akiba yake iliyochanganywa hisa na hati fungani (yaani fedha inayokopeshwa serikali kwa riba) ingedumu angalau miaka 30. Usiichukue kama sheria, kwa kuwa imetokana na masoko ya nchi moja na aina fulani ya uwekezaji. Ichukue kama onyo kwamba kiwango salama ni kidogo kuliko macho yanavyotamani.

Adui anayefanya hesabu hiyo iwe ngumu ni mfumuko wa bei. Gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko na utapata takriban idadi ya miaka ambayo bei huchukua kuongezeka maradufu. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, ni miaka 12, maana yake fedha inayokutosha leo itanunua nusu tu ya vitu hivyo baada ya muda huo. Kwa sababu hiyo fedha yote kukaa chini ya godoro, au katika akaunti isiyozaa, si usalama bali ni kupungua polepole.

Kabla ya kuwekeza popote, lipa deni lenye riba kubwa. Anayelipa mkopo wa asilimia 18 amejipatia faida ya asilimia 18 isiyo na hatari yoyote, na hakuna rafiki atakayekuletea biashara yenye uhakika huo. Kisha tenga matumizi ya miezi sita mahali unapoweza kuyafikia upesi. Fedha iliyobaki usiifanyie uamuzi mkubwa kwa miezi kadhaa, kwani mtu aliyetoka kazini juzi bado hajajua mwaka wake mpya unagharimu kiasi gani.

Ndugu anayekopa, mpe kile ambacho kisiporudi hakitaharibu udugu wenu wala chakula chako, na umweleze waziwazi kwamba hicho ndicho kikomo. Ama yule anayekuahidi faida ya asilimia 10 kila mwezi, mfanyie hesabu mbele yake: kwa kiwango hicho fedha ingekuwa zaidi ya mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mwenye siri ya namna hiyo hana haja na kiinua mgongo chako.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mume wangu amestaafu na amekuwa mbahili kupita kiasi. Ameacha kwenda kupima macho, anakunywa dawa za shinikizo la damu siku moja na kuruka nyingine ili zidumu, na usiku hataki taa yoyote iwake ndani ya nyumba. Nikisema, ananiambia akiba haiozi. Nimjibu nini? — *Mke wa Mstaafu*

JIBU: Mama, mumeo anaogopa, na hofu yake si ya kudharauliwa, lakini anabana mahali ambapo deni litakuja na riba. Shinikizo la damu haliumi, na ndiyo maana anaona kuruka siku ni faida. Dawa zile humfaa zinapotumiwa kama alivyoandikiwa, na gharama ya kiharusi au ya figo zilizoharibika haina daftari linaloweza kuibeba. Kama bei ndiyo tatizo, mwende pamoja kwa daktari au mfamasia mwulize kama kuna dawa yenye kiambato kilekile inayouzwa kwa jina la kitaalamu badala ya jina la kampuni, maana mara nyingi huwa nafuu sana. Asipunguze dozi kwa uamuzi wake mwenyewe, wala asiache ghafla.

Meno, macho na viatu visivyoteleza navyo mviweke kwenye orodha ya vitu visivyobanwa. Macho hasa, kwa sababu mtu asiyeona vizuri na mwenye kutembea gizani ana sababu mbili za kuanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni hugharimu miezi mingi ya kuuguzwa.

Kuhusu akiba isiyooza, usibishane na methali, mpe kazi. Mwombe awe mshika daftari la nyumba, kama nilivyomweleza Mwalimu hapo juu, na ndani yake kuwe na fungu dogo la kila mwezi ambalo kila mmoja wenu atalitumia bila kuulizwa. Mtu mwenye hofu ya fedha hutulia kidogo anapoona tarakimu kwa macho yake. Na kwa kuwa anapenda hesabu, mwonyeshe hii: taa ndogo ya wati 2 ikiwaka saa 10 kila usiku hula uniti 0.6 kwa mwezi mzima, sawasawa na simu yake. Nunueni mbili, moja ya korido na moja ya chooni, na aziweke yeye mwenyewe.