Jina la .eth kwenye msimbo wa programu: anwani itafute saa ya kutuma

Mkuu, umeuliza kama ni sawa programu itafute anwani mara moja tu, pale mtumiaji anapojisajili na jina lake la .eth (jina fupi linalosimama badala ya anwani ndefu ya pochi ya Ethereum), kisha ubaki unaitumia hiyo siku zote. Hapana. Hifadhi jina, anwani itafute saa ya kutuma hela.

Kwenye ENS, mfumo unaotunza majina haya, maswali ni mawili. Msimbo wako huuliza rejista (orodha kuu ya majina) jina hili liko chini ya risolva gani (kontrakti, yaani programu ndani ya blockchain, inayotunza anwani ya jina), halafu humuuliza risolva anwani yenyewe. Jibu hilo mwenye jina hulibadilisha akitaka. Na jina hulipiwa kwa muda: lisipohuishwa, zikipita siku 90 za nyongeza, mwingine anaweza kulichukua.

Kwa ethers (maktaba ya JavaScript) toleo la 6 ni mstari mmoja:

const anwani = await provider.resolveName(jina);

Hiyo provider (kiunganishi cha programu na mtandao) iwe ya mtandao mkuu wa Ethereum, hata kama malipo yatapita Polygon, mtandao mwingine. (Ila mpokeaji akiwa na pochi ya kontrakti (inayoendeshwa na programu ndani ya blockchain), anwani ya Ethereum si lazima iwe yake kule Polygon. Muulize.)

Sasa hapa ndipo pa kukaza macho. Jina lisilowekewa anwani hurudisha null (yaani hakuna kitu), na hutaona kosa lolote. Ukiipeleka null hiyo kwenye to (sehemu ya mpokeaji), muamala usio na mpokeaji huhesabiwa kuwa wa kuunda kontrakti, na hela yako inaweza kufungiwa humo moja kwa moja. Kagua null kabla ya yote, kisha mwonyeshe mtumiaji anwani nzima, si herufi nne za mwanzo na nne za mwisho. Matapeli hutengeneza anwani zinazofanana hapo hapo.

Kwenye mfumo wa malipo ninaousimamia, anwani ya mwisho tunaitunza kwa kulinganisha tu. Mlipwaji mmoja alihamia pochi mpya. Mfumo ukaona tofauti, ukasimamisha malipo, tukampigia simu. Alithibitisha, hela ikaenda. Angekuwa mwizi wa jina, simu ile ndiyo ingemuumbua.

Kuhusu Bitcoin uliyogusia: kwenye ENS rekodi ya anwani yake ni namba 0, ya Ethereum 60. Ila kwa 0 risolva hurudisha baiti za scriptPubKey (anwani katika umbo ghafi la Bitcoin), kwa hiyo lazima uzigeuze mwenyewe ziwe anwani ya kawaida, inayoanza na 1, 3 au bc1, kabla ya kumwonyesha mtu.