Mchana hakuna mteja, jioni wanakuta kufuli. Nibadilishe muda?

SWALI: Habari za kazi. Nina duka la steshenari Kimara Mwisho, nauza daftari na kalamu, natoa fotokopi na kuprinti. Nafungua saa 3 asubuhi nikishampeleka mtoto shule, nafunga saa 12 jioni. Mchana kutwa nashinda na simu tu ila jirani wa genge ananiambia kila jioni watu wanakuja wanakuta nimefunga. Mume wangu anasema nifungue alfajiri mpaka usiku, sasa si nitakufa jamani? – Mama Wawili, Dar

JIBU: Mama Wawili pole na kazi. Hapana, usifungue alfajiri mpaka usiku, utachoka na baada ya muda utakua unafungua siku ukijisikia, na hicho ndo kinafukuza wateja kabisa.

Angalia ulipo. Kimara watu wengi kazi zao ziko mjini, wanaanza kugombania mabasi ya mwendokasi saa 11 alfajiri wanarudi giza limeshaingia, yani wewe unafungua wameshaondoka na unafunga hawajarudi. Mtu anaetaka kopi ya kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa cha mwanae muda wake ni saa 1 mpaka saa 3 usiku, basi. Na mtoto wa shule anakumbuka daftari limeisha saa 12 na nusu asubuhi yuko njiani na mia tano yake mkononi.

Kwa hiyo gawa siku. Fungua saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, nenda nyumbani pika, lala kidogo, rudi saa 10 jioni mpaka saa 3 usiku. Hayo ni masaa 8, sasa hivi unafanya 9. Zanzibar Mji Mkongwe maduka mengi yanafunga mchana yanafungua tena alasiri na wateja wanajua, hakuna anaeshangaa. Mtoto wa shule je? Baba watoto ampeleke, maana yeye ndo aliesema alfajiri.

Usiige Kariakoo. Pale biashara ya saa 24 ilizinduliwa 2025 lakini wana wateja wa kutoka Kongo, Zambia, Malawi, wewe saa 8 usiku utamuuzia nani kalamu?

Ila kuna misimu mchana usifunge. Januari shule zikifunguliwa, na maombi ya mkopo wa chuo wa HESLB (bodi ya mikopo) yakianza, maana hao vijana wako nyumbani mchana na makaratasi yao ni mengi kweli.

Kingine, bandika kibao mlangoni chenye muda wako na namba ya WhatsApp. Mtu akiwa kazini anakutumia faili, wewe unaprinti jioni ukifungua, akishuka kwenye gari anachukua na kulipa. Hii naiamini sana kwa biashara yako.

Usiku usibaki peke yako, funga pamoja na wa genge, weka taa nje na watu walipe kwa simu kwenye lipa namba ili usitembee na hela.

Jaribu mwezi mzima kabla hujabadili tena, na muombe huyo jirani aendelee kukuangalizia, safari hii akuhesabie wanaokuja mchana.