Asiyeonekana Ibadani: Ushauri kwa Wachungaji na Wazee wa Kanisa wa Kando ya Ziwa

Mchungaji yeyote aliyehudumu Igombe, Kayenze, Kirumba au katika visiwa vya Ukerewe, huku kwetu Mwanza kando ya Ziwa Victoria, anaijua hali hii: Jumapili moja mabenchi ya wanaume yamejaa, na majuma mawili baadaye wamebaki wazee wachache na watoto wa shule. Mgeni anaweza kudhani kwamba imani imepoa, lakini wenyeji wanajua kwamba giza limeingia. Wavuvi wa dagaa huvua katika usiku usio na mbalamwezi, wakiwavuta dagaa kwa mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wa taa hupoteza nguvu juu ya maji, na hapo mitumbwi huvutwa ufukoni, nyavu hushonwa, na wanaume hurudi kwa wake zao na kanisani.

Nimekuwa mchungaji katika mwambao huu kwa miaka ya kutosha kuwa na msimamo juu ya jambo hili, nao ni kwamba upendo wa kanisa hupimwa kwa yule asiyeonekana. Kumpenda mama anayeketi benchi la mbele, anayeimba kwaya na kuleta sadaka kila juma, hakumgharimu mtu chochote. Kazi iko kwa yule ambaye nafasi yake imekaa wazi, na ambaye majirani zake wamekwisha kumtafutia sababu kabla hata ya kumwuliza.

Tunapowakemea wanaokosa ibada, wengi wetu hukimbilia Waebrania 10:25, kwamba tusiache kukusanyika pamoja kama ilivyo desturi ya wengine. Ni andiko zito na silipingi. Hata hivyo, sentensi hiyo huanzia mstari wa 24, ambako waumini wanaagizwa kwanza kuangaliana wao kwa wao na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri. Kanisa linalosoma mstari wa 25 peke yake huwa na daftari la mahudhurio lililojaa alama, lakini halina mzee hata mmoja anayejua kwa nini fulani haji. Tomaso hakuwepo jioni ile Bwana alipowatokea wanafunzi, wala hatusomi kwamba wenzake walimfuta katika orodha. Walimwambia walichokiona, na baada ya siku nane alikuwa ndani pamoja nao.

Sababu za watu kukosekana ni nyingi, ila ipo moja ambayo wazee wa kanisa hawapendi kuisikia, nayo ni ahadi za fedha. Mtu husimama siku ya harambee ya ujenzi, moyo umechangamka, kwaya inaimba, akaahidi mifuko ya saruji au bati. Kisha mapato yanayumba, kwa kuwa mvuvi hupata mgao wake baada ya gharama za mafuta na chakula kutolewa, na yako majuma ambayo kinachobaki hakitoshi hata kununua unga. Jumapili inayofuata majina ya wasiotimiza ahadi yanasomwa mbele ya watu, au yamebandikwa ukutani kando ya mlango. Mtu huyo hatarudi, na akirudi atakuja amechelewa na kuondoka kabla ya baraka. Baadaye tutasema kwamba amerudi nyuma kiroho, ilhali alichokimbia ni aibu tuliyomwandalia sisi wenyewe. Ushauri wangu kwa kamati za ujenzi ni kwamba deni la ahadi lijulikane kwa mhazini na mchungaji tu, na aliyeshindwa aambiwe kwa faragha kwamba amesamehewa, bila kumtaka atoe ushuhuda juu ya shida zake.

Katika kumfuatilia mtu, nawasihi mwende wawili, si kundi. Wageni wanane wakiingia katika nyumba ya mtu asiye na kitu, mwenye nyumba atakopa sukari dukani ili awape chai, na ziara iliyokusudiwa kumfariji inamwongezea mzigo. Tena nendeni pale alipo, hata kama pana kazi. Nakumbuka alasiri moja nilipomkuta mama mmoja ufukoni akiwa ameanika dagaa juu ya chanja, na wingu zito limesimama upande wa ziwa. Nilimwamkia, “Bwana Yesu asifiwe, mama.” Akajibu bila kuinua kichwa, “Amina, mchungaji, lakini mvua inakuja.” Nikaweka Biblia ndani ya ndoo iliyofunikwa, mwenzangu akakunja mikono ya shati, tukakusanya dagaa wale kwa viganja na kuwatia guniani. Dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka huharibika, na mara nyingi huishia kuuzwa kwa bei ndogo kuwa chakula cha kuku. Tulipomaliza, mama yule aliketi juu ya gunia akatueleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mwanawe alikuwa amelazwa hospitali ya Bugando na kwamba hakutaka maradhi yake yatajwe katika maombi ya pamoja. Sehemu hiyo ya mwisho izingatiwe sana: haja ya maombi aliyokuambia mtu ufukoni si tangazo la Jumapili.

Mji wetu unajua kuomboleza. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na tena kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, hapakuwa na haja ya kuwafundisha watu wa ziwa maana ya kulia na wanaolia. Msiba wenyewe hutukusanya. Ugumu huanza turubai likishakunjwa na viti vikarudishwa, kwa kuwa mjane aliyefikisha mwezi wa nne tangu msiba hana tena anayemtembelea, na mara nyingi ndio wakati ambao ndugu wa marehemu wanaanza kuuliza habari za mtumbwi na injini. Mzee wa kanisa aliyekuwa mbele siku ya mazishi aweke tarehe ya kurudi.

Kwa wanandoa nina neno fupi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kusudio la ndoa litolewe siku 21 kabla, nasi makanisani tuna Jumapili zetu za kuwatangaza wachumba. Muda huo utumike kwa mazungumzo ya kweli kuliko mazoezi ya kuingia kanisani. Binti anayeolewa na mvuvi anapaswa kujua kwamba mumewe atakuwa mbali usiku mwingi wa kila mwezi, na kijana anapaswa kusema mapema ni nani atakayepokea fedha kwa simu wakati yeye yuko kambi ya uvuvi, na zitatumikaje. Nimewaona wake wengi waliodhani kwamba hawapendwi, kumbe hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo hilo. Mume naye asidhani kwamba kutuma fedha kunatosha. Mbalamwezi ikitoka, arudi nyumbani moja kwa moja, kabla ya kupita kilabuni.

Katika usharika wetu tulihamisha semina za wanaume zikafuata mwezi badala ya kufuata tarehe. Kwaya ililalamika, maana ratiba yao ya mazoezi ilivurugika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, basi tukawaachia Jumamosi. Anayerudi baada ya muda mrefu hatumwiti mbele wala hatumpigii makofi. Anasalimiwa mlangoni kama wengine, na akitaka kuongea na mchungaji anajua nyumba ilipo.

Wako pia wanaokosekana kwa sababu wamehamia kanisa jingine. Nao watembeleeni, kwa kusudi la kuwasalimia na si la kuwarudisha, na wakiomba barua ya utambulisho, iandikwe juma hilo hilo bila kuulizia ahadi ya saruji.