Mwanangu, kuhusu Mwanaidi na drama

Mwanangu Rashidi,

Salamu zako zimefika, nami ni mzima, magoti tu. Umeniuliza kama umruhusu mjukuu wangu Mwanaidi aingie kundi la drama la shule, au mazoezi yatamlia muda wa masomo sasa yuko Gredi 10. Habari ya muda mwalimu wake ataijibu vizuri kuliko mimi. Mimi barua yako imenirudisha kwa dada yako Zuhura.

Unajua alivyokuwa kidato cha pili. Mgeni akibisha hodi, yeye kajifungia chumbani. Ukimtuma chumvi kwa jirani anarudi mikono mitupu, ati hawapo, nao wapo. Mwalimu wa Kiswahili akampa sehemu ya jirani katika mchezo wao: sentensi tatu, zote karibu na mwisho. Marehemu baba yako akanung'unika kwamba mtoto anachelewa kurudi nyumbani, Majengo ya Pumwani, kwa ajili ya sentensi tatu. Lakini ili azitamke kwa wakati wake, ilimbidi ausikilize mchezo wote, kila siku ya mazoezi. Nimelisema hili miaka yote: jukwaa humfundisha mtoto kusikiliza, kusema kunafuata.

Siku ya tamasha za mkoa nilikuwepo. Msichana aliyeigiza mama mwenye nyumba alifika mahali pa kuisoma barua ya mwanawe, maneno yakampotea, akasimama kimya. Nilitambua kwa kuwa tulikuwa tumeusoma mchezo ule jikoni mpaka nawe ukaujua kwa moyo. Zuhura, ambaye zamu yake ilikuwa bado, akaingia na kanga yangu begani akamwuliza, "Jirani, mwanao kaandika nini?" Swali hilo halikuwa kwenye mchezo. Yule msichana akalidaka, wakaendelea, na ukumbi haukushtuka.

Mwamuzi alipotoa maoni, akasema jirani aliingia mapema mno. Mama mwenye nyumba akasifiwa kwa utulivu wake, na cheti kikawa chake. Rashidi, hadi leo likinijia naumia! Nilitaka kusimama nimweleze mwamuzi, Zuhura akanishika mkono. Kwenye matatu wasichana wale wawili walikaa kiti kimoja, na binti yangu aliyekuwa hasemi akasema tangu tulipopanda hadi Pumwani. Na ugomvi wa nyumba ya babu yenu ulipochacha, nani aliwakalisha ami zenu? Ni Zuhura: alimwacha kila mmoja amalize, ndipo naye akafungua kinywa.

Najua kuna upande wa pili. Tamasha za drama za shule hapa Kenya zipo tangu 1959, na kombe lina uzito wake: unapanda kutoka kaunti hadi kanda, kisha taifa. Mwalimu mwenye kiu ya kombe huwachukua waliokwisha kuwa wasemaji, wapole wakabeba viti. Wengine hukaririshwa kupaza sauti na kurusha mikono, wasijue hata mwenzao kasema nini. Drama ya namna hiyo siitetei. Halafu najiuliza, je, anayebeba viti hapati kitu? Anapata wenzake, anagombana nao kuhusu maleba na lazima wapatane kabla ya kupanda jukwaani. Hilo nalo si dogo. Ila hana zamu ya kuingoja, na kwangu mimi faida kubwa iko kwenye kuingoja zamu, maana jukwaa humfundisha mtoto kusikiliza.

Mwanaidi ni wenu, wewe na mkeo, na sitawaamulia, ingawa nimelifuta neno langu kwenye karatasi hii na bado linataka kurudi. Nendeni mkamwulize mwalimu sehemu zinagawiwa vipi, na kama mwenye sehemu ndogo hukaa mazoezini mwanzo hadi mwisho. Ulizeni pia wanatoka saa ngapi, maana jioni matatu ni za kugombania. Na akipewa sentensi tatu, tafadhali usimwambie ni chache.

Mama yako