Barua kwa mwanangu: yule Mmarekani wa Dhaka

Mwanangu, waalaykum salaam. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unasema huyo Mbangladeshi mnayekaa naye chumba kimoja hapo Muscat anakwambia vita vyao vya 1971 Marekani ilikuwa upande wa Pakistan, halafu hapohapo anamsifu Mmarekani mmoja, ukaniuliza mama inakuwaje. Yote mawili kweli.

Huyo ni Archer Blood, konseli mkuu wa Marekani pale Dhaka, sio balozi, balozi alikuwa Islamabad. Wakati huo Bangladesh ilikuwa Pakistan ya Mashariki. Uchaguzi wa Desemba 1970 chama cha Sheikh Mujibur Rahman kilizoa viti 160 kati ya 162 vya upande ule, wanajeshi hawakutaka kumwachia nchi, basi usiku wa tarehe 25 Machi 1971 wakaingia mtaani, chuo kikuu wakakivamia, wanafunzi na walimu wakauawa, na simu zikakatwa. Blood akawa anatuma habari Washington kwa redio ya ofisini, anaeleza anachokiona, kule kimya. Rais Nixon na mshauri wake Kissinger walikuwa wanamhitaji Yahya Khan, jenerali aliyekuwa anatawala Pakistan, ndo aliyekuwa anawapitishia ujumbe kwenda China, na Julai Kissinger akaenda Beijing kisirisiri akitokea hukohuko Pakistan. Yani watu wanachinjwa wao wanapanga safari!

Tarehe 6 Aprili wafanyakazi 20 wa Kimarekani wa pale Dhaka wakaandika telegramu ya kuipinga serikali yao wenyewe. Hapa ndo nilipokuwa napenda kusimama nikifundisha: Blood hakusaini. Alisema yeye ndo mkuu wa kituo, haimpasi kuweka sahihi, ila chini yake akaongeza kwamba na yeye anakubaliana nao. Angeweza kuikalia ile karatasi mwanangu, akaituma.

Wakamtoa Dhaka, wakamrudisha Washington kwenye meza ya mambo ya watumishi. Usije ukamwambia mwenzio eti yeye ndo kasimamisha vita, waliopigana ni Mukti Bahini, wapiganaji wa ukombozi wa Bangladesh wenyewe, India ikaingia Desemba, na tarehe 16 jeshi la Pakistan likasalimu amri, huku wakimbizi karibu milioni 10 washavuka kwenda India. Blood kafariki 2004, mwaka uliofuata maktaba ya kituo cha Wamarekani hapo Dhaka ikapewa jina lake.

Mwenzio muulize kwao walivuka au walibaki. Lakini subiri kwanza mle, usimuulize na njaa.

Mamako