Picha yangu imekuwa tangazo, na kijana wa saiba anataka 5,000 aifute

SWALI: Napaka hina hapa Langoni, Lamu. Nyumba moja ya wageni ilinipiga picha nikimpaka mgeni wao, kichwa wazi, nikidhani ni ya ukumbusho. Sasa ni tangazo lao Facebook. Nimewaomba waitoe, wanasema nilikubali nilipokaa mbele ya kamera. Kijana wa saiba anataka shilingi 5,000 na nywila yangu aifute. Nimpe?

JIBU: Usimpe, dada yangu, si pesa wala nywila. Picha iko kwenye ukurasa wa nyumba ya wageni. Nywila yako itamfungulia akaunti yako, ambako picha haipo. Atakachokuta humo ni wateja wako, na baada ya siku mbili wataanza kuombwa pesa kwa jina lako. Na akiuvamia ukurasa wa wenyewe, hilo ni kosa la jinai chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, nawe ndiwe uliyemlipa.

Matapeli hawa wanalishwa na kauli moja ninayoletewa ofisini kila leo: "picha ikishaingia mtandaoni si yako tena." Uongo mtupu! Faragha yako inalindwa na Katiba, kifungu cha 31. Kukubali kupigwa picha ni jambo moja. Kukubali itumike kutafutia wateja ni jingine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hilo la pili uliridhie waziwazi. Tena wa kuthibitisha kwamba uliridhia ni wao. Hata ungekuwa umetia sahihi, ridhaa unaweza kuiondoa wakati wowote. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data, anayesimamia sheria hiyo, aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziridhia. Wazazi wa hapa kwetu wasikie hilo: picha za watoto wao zinapamba kurasa za biashara kila msimu wa maulidi, nao wamenyamaza.

Wewe piga picha ya skrini leo, tangazo, tarehe na anwani ya ukurasa vionekane, kabla hawajaligeuza. Waandikie kwamba huridhii na waitoe. Baki na nakala. Wakikaidi, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hata kwa mdomo inakubalika, kuandika ni kazi yao, na uchunguzi wanatakiwa waumalize ndani ya siku 90.