Barua kwa mwanangu: indiketa ya lori

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama ulikosea Jumapili ile, ulipokuwa unapanda mlima wa Saranda kurudi Singida, lori la mbele likakuwashia indiketa ya kushoto, nawe ukabaki nyuma yake huku wenye haraka wakikupigia honi. Hukukosea.

Ishara ile naijua, nimeiwasha miaka mingi nikiwa kwenye malori. Ya kushoto, pita. Ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Lakini hayo ni mazoea yetu madereva, na indiketa hiyohiyo ndiyo ya kukata kona. Siku moja karibu na Kintinku niliwasha ya kushoto nikitaka kuegesha, tairi imepata joto. Kijana wa nyuma akadhani nampisha. Basi hilo, linakuja! Alijibana katikati yetu, kioo chake cha pembeni kikabaki kwenye lami, na mimi mikono ilinitetemeka hadi Manyoni.

Piga hesabu mwenyewe, wewe si mtu wa namba? Lori linakwenda 60, wewe 80. Unalizidi mita tano na nusu tu kila sekunde. Ulipite lote na trela lake, pamoja na nafasi ya kutoka na ya kurudi, ni kama mita 60, yaani sekunde 11. Muda huo umeshatembea mita 240, na basi la mbele likiwa kwenye 80 nalo limekula 240 zake. Kwa hiyo unahitaji karibu nusu kilomita ya barabara tupu unayoiona kwa macho yako. Pale Saranda utaipata wapi, na kona zile?

Usimgande dereva wa lori kwa nyuma pia. Ukishindwa kuona vioo vyake vya pembeni, jua naye hakuoni, na mbele utaona mlango wa trela tu. Wanaopiga honi waache wapite, watakwenda kusubiri wenzao kwenye tochi ya trafiki, ile ya kupima mwendo.

Ukikuta matawi yamewekwa barabarani, ujue mbele kuna gari bovu, punguza mwendo kabla hujaliona. Usiku ndiyo usicheze kabisa, ng'ombe wa Bahi hawana taa.

Mama yako anakumbusha mafuta ya alizeti, dumu la lita 20. Liweke chini nyuma ya siti, usilisimamishe juu ya kiti kama abiria.

Baba yako